Anakupenda Wewe au Anapenda Paa?

Binti yangu alizisikia habari za mapenzi yangu saluni, akiwa amelaza kichwa kwenye beseni, povu limemjaa mpaka masikioni. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu zao walikuwa wakiongea, bila kujua ni nani aliyelala pale, kwamba yule mjane anayepika kwenye ukumbi wa kanisa amepata bwana. Na bwana mwenyewe, wakasema, hakumpata ibadani wala kazini. Kampata kwenye foleni ya chakula.

Alinipigia simu nywele zikiwa bado mbichi.

"Mama, una mtu?"

Nilikuwa nachambua mchele. Nikamwambia sauti inakatika, simsikii vizuri. Hiyo ndiyo dawa yangu ya miaka yote, lakini binti yangu ni muuguzi, amezoea wagonjwa wanaoficha ugonjwa.

"Sauti haikatiki popote. Jumamosi nakuja ukumbini. Nataka nimwone kwa macho yangu."

"Njoo," nikasema. "Ukija vaa viatu vya kazi."

Nikaweka simu, nikarudi kwenye ungo, nikakuta nimetupa punje nzuri na kubakiza mawe.

Sasa nieleze mtu huyo ni nani, maana wale wa saluni hawakueleza vizuri.

Kanisa letu lina ukumbi kwa nyuma, wenye madirisha marefu na jukwaa dogo la kwaya. Zamani ulikuwa wa harusi na mikutano. Tangu asubuhi ile Mchungaji alipowakuta mama na wanawe wamelala kwenye ngazi za kanisa, wamejifunika turubai, ukumbi ukabadilika kazi. Tukatafuta magodoro. Tukajenga mabafu nyuma. Wakati wa mvua na baridi, wasio na pa kulala hulala pale, wanaume upande wa jukwaa, wanawake upande wa jiko, na kila Jumamosi tunapika chakula cha moto kwa yeyote anayekuja. Hatumuulizi mtu anatoka wapi wala anasali wapi. Mimi ndiye mkuu wa jiko. Wananiita Mama Mwiko, kwa sababu mwiko wangu ni mrefu kama kasia, na kwa sababu sipendi mtu mwingine aushike.

Bwana mwenyewe, ambaye sote tunamwita Kinyozi, alikuja msimu wa mvua. Alikuwa na duka lake la kunyoa, na chumba cha kulala nyuma ya duka. Moto ukaanzia kwa jirani, kwenye nyaya za umeme, ukala safu nzima ya maduka. Alitoka na nguo aliyovaa na mkasi mmoja uliokuwa mfukoni. Mke wake alikwisha kufariki zamani, watoto hawakujaliwa. Akalala kwa rafiki, kisha kwa rafiki wa rafiki, mpaka ikafika siku akawa hana tena mlango wa kugonga.

Siku aliyosimama mbele yangu na sahani, nilimtazama kichwa kwanza. Kwa wengi wanaokuja siku ya kwanza, nywele ndizo zinazosema wamelala wapi. Zake zilikuwa zimechongwa kama za bwana harusi. Nilikuja kujua baadaye kwamba alijinyoa mwenyewe kwa ule mkasi, akijitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa mtaani. Nikampakulia wali na maharage. Akaenda, akala, akarudisha sahani.

"Asante, mama. Chakula kitamu," akasema kwa upole. "Ila kuna mtu jikoni amegombana na chumvi."

Wenzangu kila mmoja akatafuta kitu cha kufanya. Hakuna aliyewahi kunisema kwa chumvi, hata marehemu mume wangu.

"Mtu huyo ni mimi," nikamwambia.

"Basi nawaombea mpatane."

Nilitaka kukasirika. Nilikunja uso kabisa, nikajiweka sawa. Badala yake nikacheka, nikacheka mpaka ikabidi niuegemee mwiko. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nilipofiwa, na kicheko chenyewe kilinitisha kidogo, kilitoka na sauti niliyodhani nimeshaizika.

Jumamosi iliyofuata nikaongeza chumvi. Alikula, akarudisha sahani yake. Alinitazama tu, akainamisha kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea salamu iliyotumwa kutoka mbali. Nikarudi nyumbani nikiwa na macho yale kifuani kama kaa la moto.

Baadaye akaanza kuwanyoa wenzake. Mchungaji akampa kona karibu na dirisha, mtu akatoa kiti, kwaya ikamnunulia mashine. Watu waliokuwa wakija na kofia zimevutwa mpaka machoni wakawa wanatoka pale vichwa wazi, wakijipapasa shingo. Haukupita muda akapata kazi kwenye duka la kunyoa la barabara kuu, akaondoka ukumbini, akapanga vyumba. Lakini Jumamosi hakuiacha. Alikuwa anafika kabla ya wote, anakaa nami nje ya mlango wa jiko kumenya viazi, halafu ndipo anakwenda kwenye vichwa vyake.

Jumamosi iliyotangulia ile ya binti yangu, tulikuwa tumekaa hivyo hivyo, beseni katikati. Nikachukua kiazi, naye akakichukua hicho hicho, vidole vyake vikabaki juu ya vyangu. Mikono yake hunukia sabuni siku zote. Hakuiondoa, wala mimi sikuivuta yangu.

"Mwenzangu," akasema. Siku zote aliniita Mama Mwiko kama wengine. "Mwenzangu, nataka kukuoa. Usinijibu leo. Leo una viazi."

Sikumjibu. Nikakimenya kile kiazi mpaka kikabaki kama gololi.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwapo kati yetu, binti yangu alipoingia jikoni Jumamosi hiyo amevaa viatu vya kazi na uso wa kazi. Alinibusu shavuni, akachungulia sufuria moja, akachungulia ya pili.

"Yuko wapi?"

"Shika kwanza hii aproni."

"Mama."

"Yuko dirishani kule, ananyoa. Utamwona. Hana mbawa, hakimbii."

Hakwenda. Alichukua kisu akaanza kukata vitunguu kando yangu, upesi na kwa hasira, na alipoanza kutokwa machozi sikujua kama ni ya kitunguu.

"Tangu tuko wadogo umetufundisha kuwapakulia watu," akasema. "Nilikuwa nabeba sahani zako hata kabla hujapata ukumbi, unatutuma mimi na mdogo wangu sokoni na chakula. Sikuwahi kulalamika. Lakini hukutuambia kwamba siku moja mmoja wao ataletwa nyumbani akae kwenye kiti cha baba."

"Ameomba kunioa, sijamjibu. Hajakaa kwenye kiti cha mtu."

"Bado." Akaweka kisu chini. "Mama, mtu asiye na nyumba anatafuta nini? Nyumba. Na wewe unayo. Baba aliijenga kwa mikono yake, kila akipata tofali analeta tofali. Sasa niambie ukweli, mimi si mtu wa saluni. Anakupenda wewe au anapenda paa?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

Ningeweza kumkemea, mimi ni mama yake. Lakini swali lile halikuwa geni kwangu. Nilishalifua na kulianika juma zima, na halikukauka. Nilipokuwa peke yangu, nikikumbuka vidole vile, nilijiambia huyu ananipenda. Nikifika mlangoni kwangu na kuingiza ufunguo, nikitazama kuta zile na ua ule, nilijiambia, na je?

"Sijui," nikasema. "Sijamuuliza."

"Basi nitamuuliza mimi."

Kabla hajafungua kamba za aproni, Kinyozi akatokea mlangoni, kitana kimechomekwa juu ya sikio.

"Mama Mwiko, samahani. Kuna mtu yeyote ana glavu? Mzee Redio ana kidonda kichwani. Nimekikuta chini ya nywele, na sikipendi."

Binti yangu alikuwa amekwisha kugeukia bomba kunawa mikono. Nilimwona akibadilika pale pale. Mtoto aliyekuja kugombana akaondoka, akabaki muuguzi.

"Maji ya vuguvugu," akaniambia bila kugeuka. "Na kitambaa safi kabisa."

Mzee Redio alipata jina hilo kwa sababu huwashwa alfajiri na hakuna anayejua kitufe cha kumzima. Analala karibu na soko mvua zisiponyesha, na hapa zinaponyesha. Tulimkuta amekaa kitini, shuka jeupe limemfunika mpaka kidevuni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado msitu. Binti yangu akavaa glavu alizozitoa kwenye mkoba wake, akainama. Mimi nikasimama na beseni. Beseni lilihitaji mtu wa kulishika, na kama halikuhitaji, sikutaka kuambiwa.

"Shikamoo," binti yangu akamwambia Kinyozi, shikamoo iliyotoka kama mtu anayetema mbegu.

"Marahaba, mwanangu. Mwanga unakutosha au nisogeze kiti?"

"Unatosha. Punguza nywele hapa, kuzunguka. Taratibu, usiguse ukingo."

Mkasi ukaanza kulia, mdogo mdogo. Kinyozi alikuwa akikata unywele mmoja mmoja, mkono wake wa kushoto umeshika paji la uso la mzee kama mtu anayemshika mtoto kichwa wakati wa kumwogesha. Niliuona mkono ule, na niliona kwamba binti yangu naye ameuona.

"Hiki kina siku nyingi," akasema. "Mzee, hukusikia maumivu?"

"Nilisikia," Mzee Redio akajibu. "Lakini nilikuwa na mambo mengine ya kusema."

Binti yangu akaanza kusafisha. Kwa muda wakafanya kazi hivyo, mmoja anakata, mwingine anapangusa, bila kugongana mikono. Halafu binti yangu, macho yake yakiwa bado kwenye kidonda, akasema:

"Mimi ni binti wa Mama Mwiko."

"Najua. Mnakunja uso kwa namna moja."

Mzee Redio akacheka, kichwa kikacheza.

"Mzee, tulia," wote wawili wakasema kwa pamoja, kisha wakatazamana kwa kukosa raha.

"Nimesikia unataka kumwoa mama yangu."

Mkasi ukanyamaza. Kinyozi alinitazama mimi kwanza. Alikuwa akiomba ruhusa kwa macho. Nikashusha macho kwenye maji, nikaitikia kwa kichwa kidogo sana, kwamba sema.

"Ni kweli," akasema. "Nimemwambia. Hajanijibu."

"Ehee," Mzee Redio akasema. "Na mimi kichwa changu kiko katikati ya posa."

"Unaishi wapi sasa?"

"Nimepanga vyumba viwili, nyuma ya fundi viatu."

"Na ukishamwoa mama, utahamia kwetu."

"Hapana."

Jibu lile lilikuwa fupi mno, binti yangu akakosa mahali pa kulishika. Alikuwa amejiandaa kwa maelezo.

"Hapana vipi?"

"Sitahamia kwenu." Kinyozi akaweka mkasi mfukoni. "Niliwahi kumsindikiza mama yako na mzigo, nikaiona ile nyumba kwa nje. Nimeona alivyoyapanga matofali yule baba, alivyoacha nafasi kwenye kona kwa ajili ya chumba kingine, labda akitegemea wajukuu. Ile ni kazi ya mtu aliyewapenda. Mimi siwezi kulala ndani ya mapenzi ya mwanamume mwingine. Nyumba ni yenu, wewe na mdogo wako. Mimi namwomba mama yako aje kwangu. Kama atataka."

Maji yalitikisika ndani ya beseni. Hayo hakuwahi kuniambia. Alikuwa ameniambia nisimjibu kwa sababu nina viazi, nami nikabeba swali juma zima bila kujua kwamba jibu lake analo yeye, tayari, limekunjwa vizuri.

Binti yangu alinyooka.

"Kwako? Vyumba viwili?"

"Viwili."

"Umtoe mama yangu nyumbani kwake ukamweke kwenye vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya fundi viatu, agongewe nyundo kutwa nzima?"

"Anapumzika mchana, yule fundi. Lakini ndiyo."

"Haiwezekani. Mama amezoea nafasi. Ana ua wake, ana jiko lake, ana mahali pa kuanika. Kwako ataanikia wapi?"

"Subiri kwanza, binti," Mzee Redio akasema, kidole kimetoka chini ya shuka. "Akihamia kwenu, mwizi. Akimhamishia kwake, mnyang'anyi. Wakae wapi basi, juu ya nguzo ya umeme?"

Binti yangu akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona akirudi nyuma ndani ya maneno yake mwenyewe, akiyapitia, akifika pale alipoanzia. Pembe ya mdomo ikamtetemeka. Alijikaza, lakini alipokutana na macho yangu akaangua kicheko, akajificha uso kwenye kiwiko kwa sababu ya zile glavu, mabega yanaruka. Nami nikacheka, beseni likanimwagikia miguuni. Kinyozi peke yake hakucheka. Alikuwa anatusubiri, kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ipungue ndipo avuke.

Tulipotulia, akasema kwa sauti ya chini, si kwa kujitetea:

"Mwanangu, nakuelewa. Ningekuwa na binti ningependa aulize hivyo hivyo. Lakini nilipolala hapa ukumbini, kilichonikosesha usingizi hakikuwa paa. Paa nilipewa siku ile ile, mama yako na wenzake walinipa, na godoro juu. Nilichokikosa ni mtu wa kubishana naye. Hata kuhusu chumvi."

Binti yangu akainama tena. Alichukua kitambaa kingine, akamalizia kidonda, akakifunga vizuri. Akamweleza Mzee Redio aje zahanati Jumatatu, amwulizie yeye kwa jina, na asilale upande ule. Mzee akaahidi yote mara mbili. Halafu binti yangu akavua glavu na kumwambia Kinyozi:

"Upande huu uliobaki mnyoe vizuri. Asitoke hapa nusu nusu."

Mchungaji akaja kuombea chakula. Sala zake za Jumamosi ni fupi, anajua watu wana njaa na Mungu anasikia upesi. Tukapanga foleni. Binti yangu alisimama nami, mimi wali, yeye maharage, tukisema tu "karibu" na "nikuongezee?" Palikuja dada mmoja mjamzito aliyelala kituo cha mabasi, binti yangu akaacha maharage akaenda kukaa naye pembeni, akamuuliza maswali, akamtafutia godoro la usiku ule. Akarudi, akachukua upawa wake.

Kinyozi alifika wa mwisho kabisa, kama kawaida yake, vichwa vyote vikiwa vimekwisha. Nilimpakulia wali. Nikamjazia mpaka sahani ikawa mlima. Binti yangu aliutazama ule mlima, akanitazama mimi.

"Mama," akaninong'oneza, "hivi ndivyo watu wa saluni walivyojua."

Akammiminia maharage juu yake, akaongeza upawa wa pili.

Alasiri, sufuria zimeoshwa na mabenchi yamefutwa, nilidhani atachukua mkoba wake aondoke. Badala yake akamfuata Kinyozi alipokuwa akifagia nywele.

"Twende tukavione hivyo vyumba."

"Leo?"

"Umesema viwili. Nataka nivihesabu."

Tukaenda kwa miguu, sisi watatu, binti yangu katikati yetu kama askari. Tulipita mbele ya duka la fundi viatu, amekaa mlangoni na kiatu mapajani, akatuitikia salamu kwa misumari mdomoni. Nyuma palikuwa na uchochoro msafi, bomba la maji, na mlango wa kijani. Kinyozi akafungua, akasimama pembeni kutupisha.

Chumba cha kwanza kilikuwa na jiko dogo la gesi, ndoo mbili zenye mifuniko, na kiti kimoja. Kimoja tu. Sakafu ilisuguliwa mpaka inang'aa. Ukutani alitundika kioo, na mkasi ule uliotoka kwenye moto. Chumba cha pili kitanda, shuka limetandikwa bila mkunjo, dirisha moja kubwa lisilo na pazia. Nikaona ametandika gazeti jipya kwenye rafu, rafu yenyewe tupu. Amejiandaa kupokea vitu ambavyo hana.

"Kaeni," akasema, akasogeza kile kiti, ndipo akagundua.

"Kaa wewe, mama," binti yangu akasema.

"Kaa wewe, umesimama tangu asubuhi."

"Wewe ndiye mgeni," Kinyozi akaniambia.

"Nyie nanyi," nikasema, nikakaa sakafuni. Binti yangu akanikodolea macho, kisha naye akakaa, akainyoosha miguu yake na vile viatu vya kazi. Kinyozi akakaa mwisho, polepole, magoti yanalia. Kiti kikabaki peke yake katikati yetu kama mkubwa fulani aliyekuja kutuhutubia. Tukacheka tena, safari hii na yeye.

Alitupa maji ya kunywa kwenye glasi mbili, yeye akanywea kifuniko cha chupa ya chai. Binti yangu aliuliza kama maji yanatoka kila siku. Yanatoka. Paa halivuji? Halivuji, alipanda mwenyewe akaangalia. Majirani wakoje? Wapole, isipokuwa paka mmoja. Nilikuwa nawasikia na siwasikii. Niliinuka nikaingia chumba cha pili.

Nilitoka kwa baba yangu nikaenda kwa mume wangu. Nilimpenda, Mungu anajua, na nyumba ile niliipenda kwa sababu yake. Lakini hakuna siku hata moja maishani mwangu niliyosimama katikati ya chumba, mtu amenyamaza nje, ananisubiri niseme kama napataka. Dirisha lilitazama mashariki. Chini yake palikuwa na nafasi ya meza ndogo, na uchochoroni kamba ya kuanikia ingepita vizuri kutoka mlango wa kijani mpaka kwenye nguzo ya bomba.

"Kitanda hiki kimekaa vibaya," nikasema.

Wakaja mlangoni, wote wawili.

"Vibaya kivipi?" Kinyozi akauliza.

"Hapo jua la asubuhi litanipiga usoni. Kikae ukuta ule."

"Sawa, nitakisogeza." Akakitazama kitanda, akautazama ukuta. Kisha akasita. Macho yake yakapanda kwangu taratibu, kama mtu anayepanda ngazi asizoziamini. "Litakupiga wewe?"

"Kwani nani mwingine atalala hapo dirishani?"

 Alinyoosha mkono, nikaushika. Ulikuwa unanukia sabuni. Tulisimama hivyo, nami nikaona chini ya jicho lake kitu kinang'aa, akakiacha kitiririke bila kukifuta.

"Amejibu?" binti yangu akauliza kutoka mlangoni. "Au ni mimi nimesikia vibaya?"

"Amejibu," Kinyozi akasema.

Binti yangu alivuta pumzi, ndefu, akaangalia dari kwa muda. Nikajua ni baba yake anayemkumbuka, nami nikamkumbuka, hapo hapo, bila aibu. Kisha akavua mkoba begani akautundika kwenye kitasa.

"Pazia nitaleta mimi," akasema. "Na kiti cha pili. Na cha tatu, siwezi kuja kwa mama yangu nikakaa chini. Haya, shika huko, mimi nashika huku. Mama, kaa pembeni, utaumia kiuno."

Wakainua. Kitanda kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana, mguu mmoja ukakwaruza sakafu kwa kelele ya kupasua masikio, kikagonga ukuta, wakacheka, wakakiinua tena. Fundi viatu akagonga kutoka upande wa pili.

"Jirani, kuna nini huko?"

Kinyozi alifungua mdomo kujibu, lakini binti yangu akamwahi.

"Tuvumilie kidogo," akaita kwa sauti ya furaha, ameegemea kitanda, anahema. "Mama yangu anahamia."